Swali la Kugawa Vitu

Swali la kugawa vitu lilifutwa na wanawake wenyewe, bila kushurutishwa na mtu. Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote siku hiyo, katika chumba cha kupimia watoto uzito pale zahanati, ilikuwa sauti ya Specioza.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, mwezi wa tatu, maharage ya mwisho wa mvua yakingoja kupandwa. Waliokaa Katumba siku zile wanaikumbuka kwa masikio na pua kabla ya macho. Honi ya treni ya Kaliua ikielekea Mpanda, ambayo watu walipangia shughuli zao ingawa haikuwahi kufika kwa wakati. Moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Redio ya jirani ikifunguliwa mpaka mwisho jioni, habari za Kirundi zinapoanza, na njia nzima ikinyamaza kusikiliza. Pombe ya ndizi ilinywewa kwa mirija, watu wamezunguka chungu kimoja, na aliyetaka kuondoka mapema alizomewa mpaka akakaa. Yalikuwa makazi ya wakimbizi wa Burundi, ndiyo, na kutoka nje ulihitaji kibali, lakini waliozaliwa pale walikwisha kuoana na kuzaa wao wenyewe.

Hapo ndipo alipofika Daktari Maximilian, mtaalamu wa magonjwa ya akili kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mpole, mwenye viatu ambavyo tope la Katumba lilivimaliza wiki ya kwanza. Alikuja na dodoso. Makazi yalikuwa yamezika watu kadhaa waliojiua, tangu yale mambo ya mwaka wa tisini na tatu kule Burundi, na kila mara majirani walisema hawakuona dalili yoyote. Daktari alitaka kuwapata watu wa namna hiyo mapema. Lakini dodoso lake lilitungwa Ulaya.

"Huko walikolitunga, wanajua linamtambua nani," aliwaambia akina mama waliochaguliwa kumsaidia. "Hapa sisi hatujui. Pengine linamtambua mgonjwa. Pengine linamtambua mtu mwenye njaa tu. Kwa hiyo kabla halijawapima watu, nyie mnisaidie kulipima lenyewe."

"Na sisi tukilipima, tunapewa nini?" akauliza Gaudiose, ambaye hakuwa na aibu ya kuuliza.

"Soda na andazi. Na mche wa sabuni kazi ikiisha."

"Basi lilete tulipime."

Kazi ilikwenda hivi. Kalista, muuguzi mzaliwa wa Karema aliyekwisha kupokea nusu ya watoto wa makazi, alisoma swali moja. Kila mama alilisema kwa maneno yake mwenyewe, kuonyesha alivyolielewa. Kisha daktari aliuliza mambo yale yale mawili: hapa Katumba nani angejibu ndiyo, na huyo aliyejibu ndiyo, ni mgonjwa kweli? Swali likiwakamata wazima pamoja na wagonjwa, halifai. Likiwaacha wagonjwa wapite, halifai vilevile.

Swali la usingizi liliwachekesha. Mwezi ule nani mwenye mahindi alikuwa analala, na nguruwe wanashuka kutoka porini kila usiku? Daktari akaongeza maneno: hata pasipo kulinda shamba. Swali la kukosa hamu ya chakula walilipitisha. Lilipofika swali lenyewe, lile la kama mtu anatamani kufa, ukasikia mizani ya watoto ikigongana na ukuta kwa upepo.

"Hilo usimuulize mtu mzima," Gaudiose alisema. "Utakuwa umemfundisha."

"Hapana, mama. Kuuliza hakumfundishi mtu. Hilo limechunguzwa sana."

"Limechunguzwa huko. Hapa kwetu mtu anauliza habari za nyumbani, unasema ni nzuri. Hata kama umetoka kuzika, unasema nzuri, halafu ndiyo unaeleza. Sasa wewe unafika tu, unamwambia mtu, unataka kufa? Atakufukuza na mchi."

Akina mama walikubaliana naye. Daktari hakubishana, aliweka alama ya kuuliza pembeni. Kalista akasoma la mbele.

"Je, siku za karibuni umegawa vitu vyako unavyovithamini?"

Hapo kicheko kilitoka mlangoni kikawashtua hata wagonjwa waliokuwa kwenye foleni nje. Maana kila mmoja aliukumbuka mwaka wa tisini na tatu, kuanzia mwezi wa sita, uchaguzi wa kule ulipokwisha na watu wakasema sasa tunarudi. Mwaka gani tena utakuja kama ule! Vitanda vilitolewa nje vikagawiwa. Vinu, kuku, madirisha yenye fremu zake. Wakonongo, wenyeji wa Kakese, walikuja na mikokoteni, wakaondoka wanashukuru mpaka wanaona haya. Kwaya ziliimba mchana kutwa na wazee walianza kuelezana habari za vilima walikozaliwa, mto uko upande gani, mparachichi wa nani, kana kwamba waliondoka juzi. Kulikuwa na watu waliolala chini miezi mitatu kwa kuwa vitanda vyao vimekwenda, na walilala wanacheka. Kisha ukaja mwezi wa kumi, rais mpya akauawa, nchi ikawaka, na waliokuwa hawajaondoka wakabaki na nyumba tupu.

"Mwaka ule ungetuuliza hilo, daktari," alisema Gaudiose akifuta machozi ya kucheka, "ungetupeleka sote Mirembe, hospitali ya vichaa, treni nzima."

"Na leo je?" daktari akauliza. "Leo nani angejibu ndiyo?"

"Mume wangu," Specioza akasema kwa sauti. "Melkiadi. Kagawa baiskeli, kampa Telesfori, mume wa huyu Gaudiose hapa. Kagawa redio, kampa katekista. Mgonjwa? Hata mafua hana. Huyo anajiandaa kutoroka aende kwao na vita vyote hivi. Swali hilo litakukamatia watu wa safari, daktari. Wa kuugua hutawapata."

"Ni kweli," wakaitikia wenzake. "Ni watu wa safari."

Daktari Maximilian akamtazama kila mmoja, akaona hakuna anayepinga, akalipiga mstari kwa penseli. Kalista alifungua mdomo kidogo, kisha akaenda kugawa soda.

*

Specioza alikuwa na hasira na mumewe, na hasira hiyo ilikuwa na sababu. Hakuogopa vita peke yake. Aliogopa kuachwa.

Aliziona dalili zote, na hakukosea kuziona. Mwezi uliopita Melkiadi alipanda juu ya paa akaziba kila tundu. Alibadilisha bawaba za mlango. Alipasua kuni akazipanga ukutani mpaka dirishani, kuni za kuvuka kiangazi chote. Alimpeleka Specioza shambani akamwonyesha mpaka wao na wa jirani, jiwe kwa jiwe, kama vile mkewe hakuwa amelima kando yake zaidi ya miaka ishirini. Mwanaume anayeacha nyumba yake salama anakwenda wapi, kama si safari? Hivi ndivyo walivyofanya wote mwaka ule.

Tena alikuwa na kilima cha kwenda, huko Burundi. Kilima cha baba yake, ambako kijana wao wa kwanza, Arcade, alitangulia mwezi wa nane mwaka wa tisini na tatu. Melkiadi ndiye aliyemtuma: nenda ukatazame shamba la babu yako, ukikuta wamelikalia watu wasikutishe, tunakuja nyuma yako. Mwezi wa kumi na mbili mtu aliyevuka kupitia Kigoma alileta habari. Hakuleta kitu kingine. Hapakuwa na mwili wa kuzika, kwa hiyo hapakuwa na matanga, na kwa kuwa hapakuwa na matanga hapakuwa na siku ya kuyamaliza, ile siku ambayo ndugu wanakaa, wanakunywa pamoja, wanaambiana sasa rudini mashambani. Majirani hawakujua hata wasemeje. Waliokuwa wakimwita Specioza Mama Arcade walianza kumwita kwa jina lake la ubatizo, kwa huruma, na kila walipomwita hivyo ilimchoma. Melkiadi yeye aliacha kumwita kabisa. Alisema tu "wewe", au alikohoa.

Jioni ile Specioza alimkuta mumewe amekaa kwenye kigogo mbele ya nyumba, saa za habari. Redio ya katekista ilisikika kwa mbali.

"Siku hizi unaisikilizia redio yako kwa jirani," akamwambia.

"Inasikika."

"Kama unaenda, si useme, mzee. Mtu anaambiwa."

"Nani kasema naenda?"

"Huendi?"

"Siendi popote."

"Hata kibali hujaomba. Unataka kupita porini, eh? Wakukamate kama mwizi wa mbuzi. Na mimi nibaki hapa niwajibu nini watu?"

Melkiadi alitazama mikono yake. Zamani angejibu, na wangegombana vizuri mpaka Gaudiose aje kuwaamua, na wangemalizia kwa kucheka. Walikuwa mabingwa wa kugombana, hawa wawili. Katika ndoa yao hakuna kitu Specioza alichokikosa siku zile zaidi ya ugomvi.

"Chakula kitapoa," mumewe akasema.

Basi Specioza akaamua kumkomoa. Melkiadi alipoingia kula, alivichukua viatu vyake, vile vyeusi vya ngozi alivyovinunua Mpanda mjini kwa ajili ya safari ya tisini na tatu na kuvitunza tangu hapo, akavizika ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Tuone utatembea na nini mpaka Kigoma, akasema moyoni. Akangoja kelele.

Kelele hazikuja. Jumapili ilifika, Melkiadi akaenda kanisani miguu mitupu, amevaa shati safi, na watu wakamtazama miguuni. Specioza alitembea nyuma yake akitamani ardhi immeze kwa aibu. Lakini hakuvitoa. Alijiambia mjanja huyu ananipima, anajua nimeficha, anataka niseme mimi kwanza. Mtu akishaamua jambo, kila anachokiona kinakuja kulithibitisha.

*

Wiki iliyofuata akina mama walirudi zahanati, wakamaliza maswali yaliyobaki, wakapewa sabuni yao. Daktari aliwaambia sasa dodoso litajaribiwa kwa watu wachache ambao wauguzi wanawajua hali zao, wagonjwa na wazima, lionekane kama linawatenganisha. Akawashukuru kwa kupunguza maswali yasiyo na maana. Specioza alitoka kifua mbele.

Walirudi pamoja, yeye na Gaudiose, sabuni kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na sasa jua linawaka, kila shamba lina mtu ameinama. Gaudiose alikuwa akisimulia habari za binti yake, akakatiza katikati.

"Ai, nimesahau kukushukuru. Zile mbegu."

"Mbegu zipi?"

"Za maharage. Mzee kaniletea juzi, na kibuyu chake. Kaniambia panda kabla mvua haijakata. Mimi nikamwambia, mzee, hizi si zenu zile? Akasema chukua tu. Nikajua mmeelewana."

Specioza alisimama. Gaudiose aliendelea hatua kadhaa akiongea peke yake, kisha akageuka.

Yale maharage yalikuwa na madoa mekundu, membamba kidogo kuliko ya sokoni. Mama yake Melkiadi aliyafunga kwenye pindo la kitambaa chake mwaka wa sabini na mbili, usiku walipoukimbia moto wa mauaji ya kwao, na alivuka nayo mto Malagarasi akayafikisha. Mwenyewe hakukaa sana baada ya hapo. Tangu siku hiyo hakuna msimu uliopita bila kuyapanda na kutenga mbegu, kibuyu kimezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na kutundikwa nyuma ya mlango. Jirani alipewa maharage yale yakiwa yameiva kwenye sahani, akala akasifu. Mbegu haikutolewa, hata kwa mtoto aliyeolewa. Na mwaka wa tisini na tatu, walipogawa kitanda, kinu, kuku na meza ambayo Melkiadi aliichonga mwenyewe, kitu kimoja tu hakikuguswa. Kibuyu kilitundikwa pale pale, karibu na mkono, kwa kuwa kwenda kwenye kilima cha baba bila mbegu ya mama lingekuwa jambo la kichaa.

Specioza aliviona vitu vyote kwa mpigo: kuni, paa, mpaka, na ile miguu mitupu kanisani. Mtu wa safari angevitafuta viatu vyake. Angepindua nyumba.

"Haendi," akasema.

"Nani haendi?"

"Yoo, Gaudiose, haendi popote. Aliniambia haendi!"

Sabuni ilianguka matopeni. Gaudiose aliiokota, akamtazama mwenzake akikimbia kama msichana, khanga imemfunguka, na ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aligeuka akarudi mbio zahanati kumwita Kalista.

*

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Nyuma ya mlango pamebaki msumari. Specioza aliita mara moja, hakuitikiwa, akazunguka nyuma, akashika njia ya bondeni kwenye shamba lao la chini, akiomba njia nzima bila kumaliza sala hata moja.

Alimkuta. Melkiadi alikuwa amekaa kwenye tuta mwisho wa shamba, mgongo umeelekea njia, mikono magotini. Alikuwa hai. Specioza alishika mti kwanza, maana aliona akimfikia hivyo atampiga.

Kisha akaenda akakaa kando yake, chini, kwenye udongo mbichi. Maneno aliyokuwa nayo ni yale aliyoyasoma Kalista kule zahanati, ambayo yeye na wenzake walisema hayasemeki kwa mtu mzima. Itakuwaje kama Gaudiose alikuwa sahihi, kama kumuuliza ndiko kumfundisha? Lakini daktari alisema hapana, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumwamini pale bondeni.

"Baba Arcade," akasema. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa kwao mwaka mzima na zaidi. Alimwona mumewe akishtuka mabega. "Unataka kufa?"

Melkiadi hakumfukuza. Mbele yao korongo walikuwa wakitembea kwenye majani wakiokota vitu vyao. Specioza alingoja, akakaza meno asiongeze neno.

"Ego," Melkiadi akasema mwisho, kwa Kirundi, ile ndiyo ya nyumbani ambayo mtu hawezi kuivika nguo. "Siku nyingi."

"Leo pia?"

"Leo nimekuja hapa. Halafu nikakaa."

Specioza akamshika mkono. Alilia waziwazi, hakujificha, na alilia kwa uchungu na kwa shukrani vikiwa vimechanganyika. "Mimi nilidhani unaniacha unaenda Burundi. Nilikuwa nakukasirikia. Nimekuficha viatu, unajua?"

"Niliona havipo."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Sikuwa na kazi navyo."

Kisha Melkiadi akaanza kuongea, taratibu, akiuambia udongo. Kwamba kila akifumba macho anamwona kijana anageuka pale kituoni kupunga mkono. Kwamba alikuwa na homa siku zile, Arcade, akataka kusubiri apone. Kwamba yeye alimwambia mwanaume haahirishi safari kwa homa. "Ni mimi niliyemtuma, mama. Mimi. Nikikutazama usoni naona unajua."

"Nami nilimfungia chakula," Specioza akamjibu. "Nilichemsha mayai yote ya nyumba ile, nikamkunjia shati, nikamwambia harakisha treni itakuacha. Sasa wewe umemtuma peke yako kwa nini? Kila kitu unataka uwe peke yako? Tulimtuma sote, Baba Arcade. Na hatukumuua. Waliomuua wako huko."

Hapo Melkiadi aliinama, na ikamtoka sauti ambayo Specioza hakuwa ameisikia tangu aolewe. Alimwacha alie. Walikuwa bado wamekaa hivyo, amemwegemea begani, Kalista alipotokea kwenye njia ya bondeni, kofia ya uuguzi mkononi, na Daktari Maximilian nyuma yake akipambana na tope.

*

Hawakumfunga wala kumpeleka mbali, jambo ambalo Specioza aliliogopa. Daktari alizungumza na Melkiadi chumbani kwa Kalista muda mrefu, mlango umefungwa. Akampa dawa. Akamwambia Specioza wasimwache peke yake siku za mwanzo, na kila kitu cha hatari kiondolewe nyumbani, hata dawa za kunyunyizia tumbaku zipelekwe zahanati zikafungiwe huko. Majirani walipokezana. Telesfori alikuja kila asubuhi na jembe lake, akalima bila kuuliza kitu, na katekista alileta redio akasema betri zake zinamsumbua, basi aiache pale awe anakuja kuisikiliza.

Siku Specioza alipokwenda kuchukua dawa, alimkuta daktari peke yake na makaratasi yake.

"Lile swali tulilolifuta," akaanza. "Lirudishe."

"Nimekwisha kulirudisha, mama. Nililifuta upesi mno."

"Hukulifuta wewe. Nililifuta mimi, kwa mdomo wangu huu." Akafuta jasho. "Lakini ukiliacha lilivyo, litakukamatia watu wa safari kweli. Hilo sikukudanganya. Weka lingine nyuma yake. Muulize, na safarini utakwenda na nini? Mtu wa safari atakutajia. Ana viatu vyake, ana kitu chake kimoja asichokitoa."

Daktari aliandika, akasema halitathibitika mpaka watu wengi waulizwe, huenda likafaa na huenda lisifae. Specioza akasema sawa, jaribuni. Kisha akamuuliza lile la kutamani kufa wameliamuaje.

"Nyie mlisema halifai."

"Liacheni libaki," Specioza akasema. "Mtu aulizwe."

*

Kudai tena kitu ulichokitoa kwa mkono wako ni aibu kwao, na Melkiadi alikuwa mtu wa heshima zake. Lakini mvua ilikuwa inakatika, na nyumba haikuwa na mbegu. Asubuhi moja alisimama mlangoni akiutazama ule msumari. Halafu akatoka bila kuaga, polepole, miguu mitupu, akashika njia ya kwa Gaudiose.

Specioza alimwona kutoka jikoni. Alikwenda kwenye kihenge, akaingiza mkono chini ya mahindi mpaka begani, akachomoa viatu, akamfuata kwa mbali, akasimama nyuma ya migomba ya jirani ambapo aliweza kusikia.

"Karibu, mzee," Gaudiose alikuwa anasema. "Kaa. Habari za nyumbani?"

"Nzuri." Akakohoa. "Si nzuri sana. Nimekuja na jambo la aibu. Vile vijimbegu vya maharage."

"Yoo. Nusu nimekwisha kupanda, mzee. Pale, mpaka kwenye mgomba ule."

"Vimeota?"

"Vimeanza kuchungulia."

Melkiadi alikwenda akachuchumaa kwenye tuta, akasogeza udongo kwa kidole. Specioza, nyuma ya migomba, alimwona akikitazama kile kijani kidogo kwa muda mrefu.

"Umebananisha sana," akasema mwisho, kwa sauti ya ugomvi. "Hii haitaki kubanwa. Nani kakufundisha kupanda hivi? Nitakuja mwenyewe kupalilia. Mpaka tuvune. Tukivuna tutagawana, kila nyumba na mbegu yake."

"Haya, mzee. Na nusu iliyobaki kwenye kibuyu, chukua." Gaudiose alisita, akatafuta namna ya kuuliza. "Lakini umekuja mwenyewe, au umetumwa?"

Kule nyuma ya migomba Specioza alibana viatu kifuani, punje za mahindi zikimdondokea miguuni.

"Nimetumwa," Melkiadi akasema. "Mama Arcade anataka kupanda leo."

Specioza hakuwa amemtuma. Alisubiri kidogo mpaka macho yake yakauke, hayakukauka, akatoka hivyohivyo mbele za watu, akaviweka viatu chini kwenye udongo, mbele ya mumewe.

"Basi vaa," akamwambia. "Tumechelewa."